Upanga Uliokataa Kulala

Kiembe Samaki, Unguja
Jumapili, 22 Juni 2025

Kwa dada yangu wa tumbo moja, Tabia,

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Shikamoo, Dada. Itikia marahaba sasa hivi, kabla hujasoma mstari wa pili, maana ukifika huko chini huenda ukaghairi kunipa.

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti la shemeji yangu Masoud liwe limeacha kumsumbua, na jua la Maskati liwe limewaonea huruma kidogo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Faiza anakusalimu sana. Anasema zile abaya ulizomletea mwaka juzi zimefupika zenyewe kabatini, si kwamba yeye kanenepa. Mimi nimenyamaza, ndoa yangu bado naitaka. Baba kikohozi kimepungua. Uji anakunywa, redio anaibishia, na jana kagombana na paka, kwa hivyo ujue roho imo ndani na imekaa kitako.

Utajiuliza imekuwaje leo Mansour anaandika barua, mtu ambaye hata akinunua changu mzuri sokoni hukupigia simu ya picha umwone samaki macho. Baba ndiye aliyeamrisha. Kaniambia kwamba mimi nikipewa simu nitalitia mzaha jambo hili mpaka lipotelee ndani ya kicheko, na wewe utacheka, na tutaagana sijasema kitu. Kasema karatasi haina wa kuchekeshwa. Basi kanikalisha mezani kama mtoto wa darasa la pili, mie mwanamme wa miaka hamsini na mitano mwenye mvi na mustachi, na yeye yuko kitandani ananitazama kalamu. Nikiinua kichwa tu ananiuliza nimemaliza. Ulfat, binti wa jirani yetu, anasafiri kuja huko Jumatano na ndiye atakayekuletea kwa mkono.

Mwandiko wangu unaujua, usinicheke. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana kwa ridhaa ya pande zote mbili. Lakini dunia nimeisoma mimi. Lugha saba nnazisema, na ya nane, Kirusi, nnaifahamu vizuri nikitukanwa. Hamburg nimefika, siku kumi na moja. Kweli siku kumi sikuteremka melini kwa sababu ya makaratasi, lakini Hamburg ni Hamburg. Kwa hivyo hata pale nitakapokosea herufi, ujue anayekuandikia ni mtu aliyetembea.

Jambo lenyewe ni upanga wa Babu Kificho.

Najua umeshavuta pumzi. Unaukumbuka ulivyokuwa ukining'inia kule nyumba ya Miembeni, ukutani, juu ya kitanda cha Bibi Riyama, ala yake rangi ya tope, mpini wake umefungwa kwa ukanda uliopishana kama msuko. Unakumbuka pia kwamba ulikuwa haufungi. Hata uusukume vipi ndani ya ala, ulibaki kidole kimoja nje, chuma kinakutazama. Bibi alikuwa akisema zamani ulikuwa ukifunga vizuri, na kwamba ulianza kukataa kulala mwaka ule ule hirizi yako ilipopotea. Kasema Mjapani ameamka kwa kuwa hana tena wa kumzuia. Sote tuliamini. Sijui wewe, lakini mie nilikuwa nikipita chumba kile kwa kukimbia.

Na ile hadithi ya upanga, Dada, si uliisikia mara elfu? Kwamba Babu alipelekwa Burma na jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya pili, akakutana msituni na kapteni wa Kijapani, wakapigana wawili peke yao, Babu akamuua akachukua upanga. Duni kinyozi ndiye aliyekuwa akiisimulia barazani, wembe mkononi, na mteja nusu ndevu hathubutu kutikisika. Babu mwenyewe hakupata kuisimulia hata siku moja. Wala hakuikanusha. Ikianza tu, alikuwa akiinuka na kusema anakwenda kutia udhu, hata kama Alasiri tumeshaisali.

Mimi ndiye niliyeikuza. Kazi yangu unaijua, nnatembeza wageni Mji Mkongwe, na mgeni ukimwonyesha milango ya nakshi kumi anachoka, anataka damu. Kwa Wataliano yule kapteni alikuwa mmoja. Kwa Wajerumani nikawafanya watatu. Kuna kundi moja la Warusi, mvua imetuzuia chini ya roshani, nikafika kumi na wawili na farasi. Na kila mara nilimalizia kwamba upanga mpaka leo unakataa kulala, na mwenye moyo aje nimwonyeshe. Wallahi, wengine walikuja mpaka huku Kiembe Samaki, Faiza akawapa kahawa.

Sasa nisikilize. Ramadhani ilipokwisha na Baba akawa ndio katoka kwenye ile homa yake, siku moja baada ya Alasiri kaniita. Nikasema naam, nikaenda. Kaniambia nimteremshie ule upanga ukutani niuweke juu ya kitanda, karibu ya mguu wake. Akautazama muda. Kisha akasema kwamba yeye ana miaka sabini na minane, na tangu utoto wake anaitwa mtoto wa aliyemuua Mjapani, na watoto wenziwe walimhusudu, na yeye akajifanya anafurahi. Kasema hana ugomvi na vita, aliyepelekwa vitani hupigana. Lakini kumuua mtu, kisha ukachukua kitu chake ukakitundika juu ya kitanda cha mkeo, na ukalala chini yake miaka thelathini na tano, hilo halimpiti kooni. Anataka kujua kama ndivyo ilivyokuwa. Kama ndivyo, amwombee mtu yule na amwombee baba yake kwa maneno yanayowastahiki. Kasema miaka yote hii anamwombea baba yake dua ya jumla, kama mtu anayetuma barua bila anuani.

Nikamwambia Baba, mambo ya zamani hayo, yanakushughulisha nini? Kaniambia kwamba karibuni anakwenda kukutana naye, na hataki kufika akawa hajui amsalimie vipi.

Nikamvutia shuka miguuni, nikaurudisha upanga ukutani.

Basi nikaamua kuupeleka kwa Tayabali. Unamkumbuka, yule fundi saa Bohora wa Mkunazini, mwenye miwani mbili, moja machoni moja kwenye paji la uso. Mtu huyo ana miaka arubaini anasoma vitabu vya mapanga ya kale. Ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kijapani, yote anayajua, na ana rafiki yake huko Japani wanaoandikiana habari za saa mbovu. Unguja nzima hapana mwingine. Ningeweza kuupima mwenyewe, kwa uzoefu wangu, lakini Baba alitaka mtu wa vitabu.

Na hapo nikafanya kosa langu la kwanza. Ilikuwa siku mbili kabla ya Iddi Kubwa. Faiza alikuwa uani anasugua masinia na mabuli ya Bibi, kama unavyojua, huwezi kupokea mgeni wa Iddi na shaba imefifia. Nikajiambia, Mansour, utampelekaje mtu wa watu upanga mchafu? Nikautoa kwenye ala, nikachukua ukwaju, nikachukua majivu na ndimu, nikachukua kumbi la nazi, nikausugua asubuhi nzima. Nikasugua ile shaba ya kukinga mkono, nikasugua chuma mgongo na ubavu. Uling'ara, Dada! Nilijiona ndevu zangu zote ndani yake. Nikamwita Faiza aje aone mume aliye naye.

Iddi ilipopita nikauzungushia kanga ya marehemu Mama, nikaupakia kwenye Vespa, nikashuka nao mjini. Pale Darajani askari kanisimamisha akauliza ni nini kile kirefu. Nikamwambia ni fimbo ya pazia. Akaniuliza pazia gani, la msikiti? Nikamwambia mke wangu ana madirisha makubwa, akaniacha.

Tayabali alifungua kanga. Akavua miwani ya machoni, akateremsha ile ya kwenye paji. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimeuosha na nini. Nikasema ukwaju, kwa fahari. Akakaa kitini. Akauliza, na ndimu? Nikasema na ndimu. Akasema maneno kwa Kigujarati ambayo hayamo katika zile lugha zangu saba, lakini niliyaelewa. Kisha akanieleza kwamba chuma kile kiling'arishwa mara ya mwisho na fundi aliyetumia wiki kadhaa na mawe ya maji, moja baada ya jingine, mpaka ukatokea juu yake mstari kama wimbi, na kwamba mimi kwa ukwaju wangu nimeliparura wimbi lile mpaka kubaki kivuli. Kasema ni kama kumchukua mzee wa watu ukamkwangua uso ili aonekane kijana. Nilitaka ardhi ipasuke. Halafu akaniuliza kama nimefungua mpini. Nikamwambia mie sikujua kama mpini unafunguka. Akainua mikono akamshukuru Mola kwa ujinga wangu, maana ndio uliookoa nusu ya upanga.

Akaanza kazi. Alisema kwanza utazame nguo, kisha umvue mtu. Nguo za upanga wetu ni za jeshi: ala ya bati iliyopakwa rangi, shaba yenye viua vidogo vidogo, vitu vilivyotengenezwa kwa maelfu wakati wa vita. Moyo wangu ukashuka kidogo. Halafu akachukua kinyundo chake cha saa, akagonga kijiti kidogo cha mwanzi kilichopita katikati ya mpini. Kijiti kikatoka, mpini ukavuliwa mzima mzima kama soksi. Chini ya ule ukanda pana ngozi nyeupe yenye chembechembe, na Tayabali kasema ni ngozi ya samaki taa. Taa huyu huyu tunayemla! Nikamwambia kumbe Wajapani na sisi ni majirani wa mchuzi.

Ndani ya mpini ulikuwemo mkia wa kile chuma, haujaguswa na ukwaju wala mkono wa mtu, kutu yake nyeusi na laini kama tende iliyokauka. Tayabali alitia kioo chake cha jicho akautazama muda ambao mie ningemaliza kutembeza kundi zima la wageni. Kasema kutu kama ile haifanyizwi, inangojewa. Pana tundu mbili, kwa maana umefupishwa na kubadilishwa mpini zamani, na pana maandishi yaliyokatwa nusu. Hakutaka kuapa, lakini kwa makisio yake chuma chenyewe kina miaka mia tatu, kimevishwa tu sare ya jeshi. Na chuma kama kile, kasema, askari hapewi kutoka bohari ya jeshi. Anakitoa kwao. Baba yake anakishusha ukutani, anampa.

Ah, Dada. Umri wote nimeuona upanga ule kuwa wa kwetu, haukunijia hata siku moja kwamba palikuwa na ukuta mwingine mahali fulani, una msumari mtupu.

Nikamuuliza lile alilonituma Baba. Je, mwenyewe aliuawa? Tayabali kasema hapana chuma kinachoweza kulijibu hilo. Makali hayana pengo hata moja. Nikamsihi anitafutie japo moja dogo, akanitazama kwa huruma. Kisha akasema lipo jambo moja ambalo lingejibu. Vita vilipokwisha na Japani ikasalimu amri, maofisa waliambiwa wakabidhi mapanga, na wengi wao walifunga juu yake kibao chembamba cha mti, wameandika jina na kwao, kwa kutaraji kwamba siku moja utarudi. Aliyefunga kibao ni mtu aliyekuwa hai, ameutoa kwa mkono wake. Akanionyesha ile pete ya kwenye ala, ina alama iliyoliwa na uzi. Kasema hapa palikuwa na kibao. Akauliza kiko wapi.

Nikasema sijui. Mimi, mtu wa lugha saba. Likumbuke neno hilo, nitalirudia.

Tayabali hakuwa amemaliza. Aliurudisha upanga kwenye ala, ukasimama pale pale pa siku zote, kidole kimoja nje. Akatazama kile kidole cha chuma. Kasema pale kutu imeingia ndani kuliko kwengine, hata ukwaju wangu haukuifika. Kwa hivyo ala ilikuwa ikifunga sawasawa, na kuna kitu kimo chini ndani yake, na kwa kutu ile kimo miaka arubaini, hamsini. Alitaka kukitoa hapo hapo. Nikamwambia Baba kasharitisha kisifunguliwe chochote bila ya yeye kuwepo. Kweli kasharitisha. Lakini na mie nilikishukuru kisingizio kile, nikapata siku tatu zaidi za kuwa mtu mwema. Siku tatu hizo hata kula kulinishinda. Faiza alidhani nna mwanamke.

Alhamisi baada ya Alasiri Tayabali kaja hapa nyumbani na vyombo vyake ndani ya kitambaa. Baba kajivisha kanzu nyeupe na kofia, kakaa juu ya mito kama anangoja kuozesha. Tayabali akaipindua ala, akaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, huku na huku, akatia waya mwembamba alioukunja ncha. Ilichukua muda. Hatimaye kitu kikasogea, kikakwaruza, kikamwangukia Baba mapajani.

Kibao cha mti. Upana wa vidole viwili, wembamba wa biskuti, kina maandishi meusi yaliyofifia pande zote mbili. Pembeni kimening'inia kipande cha uzi mwekundu na kingozi kikavu kama kucha.

Tayabali alikuwa na furaha ya mtoto. Akakipiga picha kwa simu akamtumia yule rafiki yake, na kule ilikuwa wameshakaribia kulala, lakini hakuchukua hata robo saa jibu likaja. Upande mmoja ni jina: Luteni Morita Kenzo, na chini yake kijiji na wilaya, sehemu ya milimani. Upande wa pili: Huu ni upanga wa nyumba yetu. Atakayeushika namwomba autunze.

Baba alimtaka Tayabali asome tena. Akasoma tena. Baba akauliza kama mtu aliyekufa anaweza kuandika vile. Tayabali akamwambia, kwa taratibu, kwamba kibao kinasema habari ya upanga huu tu, habari ya vita vizima hapana anayeijua, lakini upanga huu aliyeutoa ni mtu mzima wa afya, vita vimekwisha, na Babu Kificho aliupokea mwenyewe au alipewa na wakubwa wake, na hakukikata kibao. Kakileta mpaka Unguja. Baba akaitikia kwa kichwa. Akajifuta macho kwa ncha ya kofia. Akamsomea baba yake Fatiha, na mara hii, Dada, nilisikia sauti ya mtu anayejua nyumba anayobisha hodi.

Tayabali alipokwenda zake, Baba akafumbua ngumi. Kumbe kile kipande cha uzi alikuwa amekishika muda wote ule. Akasema, huu ni uzi wa mama yangu, alikuwa akishonea kofia zangu. Na ile ni ngozi ya hirizi ya Tabia. Akaniuliza hirizi iliyopotea mchangani Miembeni imeingiaje ndani ya ala iliyotundikwa ukutani.

Ni mimi, Dada.

Nimeandika. Baba kaniona, kapumua.

Mwaka ule wewe ulikuwa na miaka kumi, mie saba. Nilikuwa natengeneza manati. Mpira nimepata, panda nimepata, nimekosa kile kipande cha ngozi cha kuwekea jiwe. Nyumba nzima ngozi ilikuwa viatu vya Baba na kile kilichokuwa shingoni mwako. Unaijua habari yake: ulipokuwa mchanga unaumwa, Bibi alikiona kile kibao kwenye pete ya ala na maandishi yasiyosomeka, akajua ni kinga kubwa ya Kijapani, akakifungua, akakishonea ngozi akakuvisha, Babu yuko kazini bandarini. Aliporudi akakikuta, alicheka, akasema kiacheni, shingoni mwa mtoto hakitopotea. Hayo Bibi alikuwa akituhadithia mwenyewe. Basi siku ile ulikwenda kuoga, ukakitundika msumarini. Nikakikata kwa wembe. Nilitegemea kuona aya ya Qur'ani, nikaona herufi kama miba ya samaki. Nikaogopa, nikajua ndiye Mjapani mwenyewe. Akili yangu ya miaka saba ikaniambia nimrudishe kwake. Nikapanda kitanda cha Bibi, nikauchomoa upanga, nikakitumbukiza ndani ya ala. Tangu hapo haukufunga, na ile sijui niliyomjibu Tayabali ilikuwa ya uwongo.

Ulisema uliitundika msumarini, hapana aliyekuamini. Bibi alikupiga bakora. Hukulia. Mie nilikuwa nyuma ya mlango na manati mfukoni. Na Babu, unamkumbuka? Siku tatu yuko magotini. Kachimbua karo la bombani kwa kijiti, kachekecha mchanga wa ua mzima kwa chekecheke ya Bibi, mwanamme aliyekwenda vitani akarudi. Hakumgombeza mtu. Alisema neno moja tu, kwamba ile ilikuwa amana. Sote tukadhani anasema habari ya hirizi. Na unajua nani alikuwa akimshikia chekecheke? Mimi. Nilitafuta naye, Dada. Alinisifu kwa kutochoka.

Nilitaka kusema. Kwanza niliogopa bakora. Halafu Babu akafa, nikaona limekwisha. Halafu ukaolewa, ikatoka mimba ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na Bibi akasema mbele ya watu kwamba ni kile ulichokipoteza. Hapo ndipo nilipotakiwa nisimame. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mdomo ninao, dunia nzima inanijua kwa mdomo. Mwaka jana tu kwenye simu, tukimkumbuka marehemu Mama, ulisema labda kama usingekuwa mzembe wa kuchunga kitu ulipokuwa mtoto, na wewe ungekuwa na wako. Nikakujibu kwa mzaha juu ya paka wangu. Ukacheka. Nilipokata simu nilikwenda kukaa chooni, mtu mzima, mpaka Faiza akagonga.

Basi lisome hili polepole, na ukilimaliza lirudie. Hukupoteza kitu. Ulikitundika msumarini kama ulivyosema. Na kile hakikuwa kinga, wala kukosekana kwake hakukuwa laana. Lilikuwa jina la mtu na anuani ya kwao. Hakikuweza kukupa mtoto wala kukunyima. Miaka arubaini na nane umebeba mzigo ambao haukuwa wako, na mwenye mzigo alikuwa mjini anawachekesha Wataliano.

Nilimwambia Baba yote hayo, nimekaa chini sakafuni. Akauzungusha ule uzi kidoleni. Kisha akaniuliza kama ile manati ilifanya kazi. Nikamwambia haikufanya, ngozi ilikuwa ngumu, jiwe la kwanza tu lilinirudia likanipiga pua. Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia, nikampa maji. Alipotulia akasema kwamba yeye si wa kunisamehe, anayehusika yuko Maskati. Chukua kalamu.

Kwa hivyo nakuomba radhi, Dada Tabia, ya duniani na ya akhera. Sitokuharakisha. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kadiri utakavyo. Ukitaka kunitukana, nipigie, mara hii sitofanya mzaha, na nikifanya ukate simu.

Limebaki moja. Rafiki yake Tayabali anaulizia kule milimani kama watu wa nyumba ile wapo. Baba anataka upanga urudi kwao, na mie nataka. Lakini kasema hautoki hapa mpaka wewe uridhie, kwa kuwa jina la yule mtu wewe ndiye uliyelibeba shingoni, na wewe ndiye uliyepigwa kwa ajili yake. Kibao hatujakifunga. Nimenunua uzi mwekundu kama ule wa Bibi, nimeuweka pamoja nacho ndani ya sanduku la Mama. Baba anasema kitafungwa kwa mkono wako. Njoo, japo wiki mbili. Faiza ameshafua mashuka.

Wageni bado nawatembeza. Jana nimewahadithia ya kweli, kapteni kawa luteni, na luteni hakufa. Nilidhani watasinzia. Akaja mama mmoja mtu mzima akaniuliza dada yangu amesema nini. Nikamwambia bado sijamaliza kumwandikia.

Mpe shemeji Masoud salamu zangu nyingi, wasalimie na jirani zako wote wanaokula bizari tunazowaletea kutoka Kidichi. Baba anakupa salamu na dua, na kaniambia nikuandikie hivi: kila siku baada ya Alasiri ananiambia niutoe upanga na niurudishe, ili ausikie. Sasa unaingia wote, Dada, mpaka mwisho, na ukifika unatoa sauti ndogo, kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala ukifungwa na mtu mwenye adabu. Njoo uusikie kabla haujaenda kwao.

Ndimi mdogo wako, niliyeshika chekecheke,

Mansour Amour Kificho